Shokapu za kuboresha Subaru yenye turbo Tabora: KYB, Tein, BC na Bilstein

Gari lenye turbo linalolala Tabora linaishi maisha mawili kwa siku moja. Asubuhi lipo kwenye lami ya Nzega, njia imenyooka na mguu unaomba. Jioni linaingia mtaani Isevya au Ng'ambo, kwenye mchanga, mizizi ya miembe na mifereji iliyochongwa na mvua ikakatiza njia. Katikati ya hayo kuna matuta ya kila kijiji, na yale madogo ya rasharasha yanayokuja kwa mafungu. Shokapu ya kuboresha gari hapa inatakiwa iyamudu yote hayo. Nyingi zinazosifiwa kwa ukali zinamudu lami peke yake.

Tathmini hii inahusu Subaru Impreza WRX ya umbo la GD, ile iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007, na Forester ya umbo la SG yenye turbo, iliyoanza 2002. Zote mbili zinatumia shokapu za kusimama zilizovaa springi, mbele na nyuma. Toyota Mark X na Altezza zimejengwa kwa namna nyingine, na tutazigusa pale hesabu inapobadilika.

Uamuzi wetu tunautanguliza. Kwa gari la kila siku hapa, chukua KYB New SR Special na uache springi za kiwandani. Ukitaka kubadili ukali mwenyewe, tafuta Tein EnduraPro Plus kama ipo kwa chesisi yako. Koilova, yaani shokapu yenye nyuzi na springi yake inayokuwezesha kubadili urefu wa gari, ni kwa mtu anayekubali kuihudumia na kuliweka gari juu. Springi za kushusha zikifungwa kwenye shokapu za kawaida, hapana. Springi iliyokatwa, hapana kabisa.

Sababu ya yote hayo ni moja: nafasi ya kubonyea. Gari likiwa limesimama, shokapu ina nafasi fulani ya kuingia ndani kabla haijagusa raba ya kikomo. Tuseme nafasi hiyo ni milimita 80. Ukishusha gari milimita 40, umebaki na nusu, na tuta halikupungua hata kidogo. Nguvu iliyokuwa inamezwa na mafuta na springi sasa inaingia kwenye raba, raba inaipeleka kwenye mauntingi, mauntingi inaipeleka kwenye bodi. Ndiyo maana gari lililoshushwa linapasua mauntingi za juu, linakula boljointi na kuvujisha shokapu mpya ndani ya muda mfupi, kisha lawama zote zinamwangukia aliyetengeneza shokapu.

Upande wa chini kuna hasara ya pili. Injini ya Subaru imelala, na eksozi ya mbele inapita chini yake. Hicho ndicho kitu cha kwanza kugusa tuta. Na gari likishuka zaidi ya milimita 30 hivi, amu za chini za mbele zinaanza kuelekea juu badala ya kulala sawa au kuinamia chini. Hapo gari linalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyolala kabla, hata kama springi ni ngumu, na usukani unavuta kila gurudumu moja linapopanda kitu. Mwenye gari anahisi ugumu na kudhani amepata mshiko.

Nafasi hiyo inapimika bila mashine. Inua buti ya vumbi, ufute fimbo ya shokapu kwa kitambaa safi, kisha funga juu yake tai ndogo ya plastiki ya kufungia nyaya, iwe ya kubana kiasi, uisukume mpaka ikae juu ya mdomo wa shokapu. Teremsha gari, pita njia zako za kawaida kwa siku mbili, halafu tazama. Utaikuta tai imesukumwa juu na kukwama pale shokapu ilipofika mwisho wa kubonyea, na kwenye fimbo kuna alama nyembamba ya vumbi jekundu inayoonyesha mpaka ule ule. Umbali kati ya tai na raba ya kikomo ndiyo akiba yako. Tai ikiwa imegota kwenye raba wakati gari bado lina springi za kiwandani, kulishusha ni kujitafutia matengenezo.

Tuje kwenye namba za springi, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Springi za koilova zinauzwa kwa kilo kwa milimita: springi ya 6 inahitaji kilo 6 kubonyea milimita moja. Chukua gurudumu la mbele linalobeba kilo 350 za mwili wa gari. Kwa springi ya 3.5, gari linakaa milimita 100 chini ya urefu wa springi isiyo na mzigo, na mwili unapanda na kushuka kama mara 1.6 kwa sekunde. Kwa springi ya 7, linakaa milimita 50 tu, na mwili unapiga mara 2.2 kwa sekunde. Hiyo ya pili inafaa uwanja wa mashindano uliosawazishwa. Barabarani hapa abiria wa nyuma atashika paa. Kuna jambo jingine lisilosemwa dukani: springi inayobonyea milimita 50 inakuwa na milimita 50 tu za kushuka kabla haijalegea. Gurudumu likiingia kwenye mfereji wa mvua, springi inabaki haina kazi, inagonga kwenye sahani yake, na tairi linapoteza ardhi.

Kwa Impreza inayotembea Tabora, usizidi 5 mbele, na 4 hadi 4.5 inatosha. Nyuma pungua kidogo kuliko mbele.

Usilinganishe namba hizo na za Mark X au Altezza. Kwenye Subaru springi inasafiri karibu sawa na gurudumu. Kwenye Mark X na Altezza springi imekaa ndani zaidi kwenye amu, kwa hiyo gurudumu linasafiri zaidi kuliko springi. Kama springi inasafiri milimita 7 gurudumu likisafiri 10, ukali unaofika kwenye gurudumu ni 0.7 mara 0.7, yaani karibu nusu ya ule ulioandikwa. Springi ya 10 ya Mark X si kituko. Springi ya 10 ya Impreza ni kituko.

KYB Excel-G ndiyo inayopatikana kirahisi. Ni ya mabomba mawili, moja ndani ya jingine, ina gesi, na inarudisha gari karibu na hali ya kiwandani. Kwa Forester inayobeba familia kwenda Urambo na kurudi, hatuna neno baya. Kwa WRX yenye nguvu zake zote tunaiona laini: ukiteremka bonde kwa kasi, mwili unapanda, unashuka, halafu unapanda tena kidogo kabla ya kutulia. Hilo ndilo linalomtia dereva hofu kwenye breki. Kama ulizonazo zimekufa na hela ni ya Excel-G, funga, gari litakuwa salama kuliko lilivyo. Usiziite maboresho.

KYB New SR Special ni ile ya bluu. Vipimo vyake vya nje ni vya kiwandani, inafungwa na springi zako, mauntingi zako na raba za kikomo za kawaida, lakini ndani imekazwa zaidi. Nafasi ya kubonyea inabaki yote. Hapa ndipo tunapoipenda: kwenye matuta inabonyea kama shokapu ya kawaida, ila ikirudi inakuja taratibu na kutulia mara moja, haimrushi abiria. Kwenye rasharasha utahisi mtetemo kuliko mwanzo, hasa tairi likiwa na upepo mwingi. Imetengenezwa kwa soko la Japani, hivyo agiza kwa namba ya chesisi ya Kijapani iliyoko kwenye kibati cha gari, isiwe kwa "Impreza ya 2004" peke yake. GDA (WRX ya kawaida) na GDB (WRX STI, toleo lake kali) hazitumii shokapu moja.

Tein EnduraPro Plus ina umbo lile lile la kiwandani na mabomba mawili, pamoja na hatua 16 za ukali zinazobadilishwa kwa kitufe juu ya fimbo. Sifa yake kubwa iko chini kabisa: kikomo chake ni cha mafuta. Sehemu ya mwisho ya kubonyea inapita kwenye vali ya pekee inayokaba mafuta, kwa hiyo gari linapofika mwisho linazuiwa polepole badala ya kugonga raba na kuruka. Kwa nchi ya matuta, hilo lina thamani kuliko hatua 16. EnduraPro isiyo na Plus ina kikomo hicho hicho, imekosa kitufe tu. Hesabu za Tein zinaanzia kwenye ugumu: zungusha kitufe kuelekea mshale wa saa mpaka kigome bila kukilazimisha, hiyo ni sifuri, kisha rudisha ukihesabu. Anza na 8 pande zote. Ukikaa sana kwenye changarawe nenda 11 au 12. Orodha yao haina kila Subaru, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa.

Tein Flex Z tunaiheshimu kati ya koilova za bei ya kati, na kosa kubwa linalofanyika juu yake hufanywa na mfungaji. Urefu wake unabadilishwa kwa kuzungusha kiti cha chini, sehemu inayoshika habu, bila kugusa springi. Fundi asiyejua analipandisha gari kwa kukaza sahani ya springi. Gari linapanda kweli, ila amepunguza nafasi ya kushuka, na gari linakuwa linagonga juu kila likivuka shimo. Utaratibu ni huu: sahani ya springi ikaze mpaka springi isiwe na mchezo, ongeza milimita chache kwa kadiri ya karatasi ya kiwanda, funga nati yake. Urefu wote unaobaki upatikane kwenye kiti cha chini, na hakikisha nyuzi za kutosha zimebaki ndani ya kiti hicho; kipimo cha mwisho kimeandikwa kwenye karatasi. Urefu wanaokupa kama wa kuanzia tayari umeshusha gari. Hapa liweke lisizidi milimita 15 chini ya kiwanda. Flex Z imezibwa, haifunguliwi kukarabatiwa. Ikivuja unanunua shokapu nyingine, na hilo linarahisisha maisha kwa mtu aliye mbali na karakana za shokapu.

Adui wa koilova yoyote hapa ni vumbi laini likichanganyika na maji ya mvua. Linajaa kwenye nyuzi, linakauka kama saruji, na baada ya masika moja nati za aluminiamu hazizunguki. Mtu analeta nyundo na patasi, nati inapasuka. Kabla ya kufunga, safisha nyuzi kwa brashi, paka grisi nyembamba, kisha zungushia kitambaa kigumu au kipande cha tyubu ya baiskeli kilichochanwa na kufungwa kwa tai, ukiacha chini wazi ili maji yatoke. Kila baada ya miezi mitatu zungusha nati nusu mzunguko na kuzirudisha. Kazi ya robo saa, inaokoa seti nzima.

BC Racing BR inatoka Taiwani. Ni ya bomba moja, ina hatua 30, na unaweza kuagiza kwa ukali wa springi unaoutaka na hata kuikarabati. Hiyo ni faida kubwa, mradi uitumie: agiza springi laini kuliko wanazoweka. Tatizo letu nayo liko juu. Sahani zake za mbele za kurekebisha mlalo wa gurudumu zinatumia beringi ya mviringo ya chuma kwa chuma, haina raba. Kwenye lami safi inatoa usukani wenye hisia nzuri. Kwenye vumbi la Tabora inaanza kugongagonga, kelele inayosikika kama boljointi imekufa, na fundi anabadilisha boljointi mbili nzima kabla ya kutazama juu. Ukiichukua, uliza mauntingi za raba.

Bilstein ndiyo iliyoleta sokoni shokapu ya gesi ya bomba moja kwa magari ya kawaida, mwaka 1957, ikianza na Mercedes-Benz. B6 ni ya springi za urefu wa kawaida, B8 ni fupi kwa magari yaliyoshushwa. Kwetu ni B6 tu. Bomba moja linapoza mafuta vizuri, na gesi yenye shinikizo kubwa inazuia mafuta kutoka povu kwenye barabara ndefu yenye mikunjo kama bati. Shokapu ya mabomba mawili huko inachoka baada ya mwendo mrefu, gari linaanza kuelea, kisha inarudi kawaida ikipoa. Anayesafiri mara kwa mara kwenye changarawe ndefu atauona tofauti huo. Udhaifu wa bomba moja ni jiwe: pistoni inasugua ukuta wa nje moja kwa moja, na kibonyeo kidogo kinaikwamisha. Kwa bahati, Bilstein za kusimama za mbele zimegeuzwa juu chini na bomba lenyewe limefichwa ndani ya ganda. Hofu hiyo inahusu zaidi shokapu za nyuma za Mark X, ambazo bomba liko wazi. Bei ya B6 si ndogo, na kwa gari ambalo bushi zake zimekufa ni hela iliyopotea.

Shokapu za mtumba za STI zina jina kubwa kuliko uhai wake. Umri wake ni wa gari lenyewe, karibu miaka 20 au zaidi. Za mbele za GDB zimegeuzwa, kwa hiyo huoni fimbo wala mafuta yanayovuja, na muuzaji anakuonyesha ganda lililopakwa rangi. Ishike ganda kwa mkono mmoja na sehemu ya juu kwa mwingine, tikisa kulia na kushoto. Ikigonga, grisi imekauka au bushi za ndani zimelika. Grisi inaongezwa, bushi ni kazi nyingine. Za kawaida zisimamishe wima, bonyeza mpaka chini: sentimita ya kwanza ikiingia tupu bila ukinzani, mafuta yamepungua. Pita kwa kucha kwenye fimbo. Mkwaruzo unaokwamisha kucha utakata sili. Na pima umbali wa matundu ya bolti na upana wa masikio dhidi ya habu yako kabla hujatoa hela, maana miaka inatofautiana.

Spesa za kuinua Forester hatuzikatai moja kwa moja. Spesa ya juu, kati ya mauntingi na bodi, ya milimita 20 mpaka 30, inaacha shokapu na nafasi yake ileile. Inachosogeza ni gurudumu kushuka chini zaidi likining'inia, na hapo kona za ekseli zinakuwa kali. Usipange mbili. Bolti zake ziwe za chuma cha daraja sahihi, za kuokoteza zitakatika. Raba zinazochomekwa katikati ya mizunguko ya springi ni jambo jingine: zinaufanya mzunguko mmoja usifanye kazi, mzigo unahamia jirani, na springi inavunjika pale pale pembeni ya raba.

Springi ikikatwa mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, inaongezeka ugumu kwa asilimia 20 na inapoteza ncha yake ya kukaa kwenye sahani. Gurudumu likining'inia inahama kiti. Ile inayoshushwa kwa moto wa gesi ni mbaya zaidi: chuma kimepoteza ugumu wake na kinaendelea kushuka au kinakatika.

Wenye Forester watazame nyuma kwanza. Baadhi ya SG zilitoka na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likibeba mzigo. Utazitambua kwa mwili mnene kuliko wa kawaida. Zikifa, nyuma inakaa chini kama imebeba magunia ya mpunga. Watu wanabadilisha shokapu kwa za kawaida, wanaacha springi, na gari linabaki chini vilevile. Springi za mfumo huo ni laini kwa sababu shokapu ilikuwa inasaidia kubeba. Badilisha vyote viwili pamoja.

Kabla ya shokapu yoyote, chukua mtarimbo uende kwenye bushi. Kwa Subaru ya umri huu anza na bushi kubwa ya nyuma ya amu ya mbele. Ya kiwandani ikipasuka, gari linavuta upande ukishika breki na hakuna shokapu itakayoliponya. Fuata stabilaiza linki, boljointi, mauntingi za juu na beringi zake. Bushi za plastiki ngumu zinafaa kwenye amu ya mbele zikipakwa grisi ya silikoni. Kwenye amu ndefu ya nyuma tunapendelea raba, maana bushi hiyo inajipinda pande nyingi na plastiki inaibana.

Stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) nene ya nyuma ni boresho la bei nafuu linalopunguza tabia ya Impreza ya kusukuma pua nje ya kona. Ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha unene: kutoka milimita 20 kwenda 22 ni karibu asilimia 46 zaidi, kwenda 24 ni mara mbili na ushee. Usiruke kwenda 24. Na vishikio vya stabilaiza vya nyuma vya Subaru hizi vinajulikana kwa kukatika stabilaiza ikiwa nene, kwa hiyo nunua na vishikio imara.

Ufungaji. Siku moja kabla, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye bolti mbili za chini za kila shokapu, spana 19. Bolti ya juu kati ya hizo mbili ya mbele ina kichwa cha yai kinachobadili mlalo wa gurudumu. Chora mstari kwa rangi kwenye kichwa na kwenye sikio kabla hujalegeza, ili ukirudisha gari liweze kutembea mpaka kwenye alaimenti bila kula tairi. Toa klipu ya bomba la breki na waya wa ABS. Ukizisahau, habu ikiinama inazivuta. Funga habu kwa kamba kwenye amu isije ikaanguka nje na kuchomoa jointi ya ndani ya ekseli.

Springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyotazamana, kamwe kwa waya wa kufungia nondo. Springi iliyobanwa ikiachia inavunja taya. Shokapu mpya ya mabomba mawili, isimamishe wima uibonyeze na kuivuta mara nne au tano kabla ya kuifunga, ili hewa iliyoingia kwenye mafuta ikiwa imelazwa kwenye basi itoke. Usishike fimbo kwa koleo. Tumia ufunguo wa ndani juu ya fimbo. Ncha ya springi ikae kwenye shimo lake la sahani. Nati za kujifunga ziwe mpya.

Nati tatu za juu kwenye bodi zinahitaji nyutoni mita 20 tu. Hapo ndipo mashine ya upepo inapokata stadi, na kubadilisha stadi moja kunahitaji kushusha shokapu nzima upya. Nati ya fimbo ni nyutoni mita 55. Bolti za chini zinataka nguvu kubwa, kwa hiyo fuata kitabu cha chesisi yako na utumie spana ya toki. Bolti za bushi za amu za nyuma, kama umezilegeza, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, raba inajipinda muda wote likiwa chini, na itachanika ndani ya miezi michache. Kosa hili tunaliona kuliko yote, na halionekani mpaka limekwisha kutokea.

Alaimenti ni lazima. Mbele ukipata mlalo wa nyuzi 1 mpaka 1.5 juu ukielekea ndani, pande zote sawa, na magurudumu yakitazama mbele moja kwa moja au milimita moja ndani kwa jumla, gari litakata kona na tairi litadumu. Kwa tairi, 205/55R16 na 215/45R17 zina kimo karibu sawa, 632 na 625, lakini ya kwanza ina shavu la milimita 113 na ya pili 97. Milimita hizo 16 za raba utazihisi kwenye rasharasha kuliko hatua kumi za kitufe. STI yenye breki za Brembo haina hiari, inaanzia rimu ya 17.

Mzigo ukija kwa basi kutoka Kariakoo, fungua boksi mbele ya anayekukabidhi. Namba iliyogongwa kwenye mwili ifanane na ya boksi, kulia na kushoto zisiwe mbili za upande mmoja, weldi ya masikio iwe ya mstari mmoja laini, na fimbo ya shokapu ya gesi ikibonyezwa irudi juu yenyewe. Isiyorudi haina gesi.

Baada ya kilomita 100 rudia kukaza kila nati uliyogusa. Kisha rudisha ile tai ya plastiki kwenye fimbo, beba abiria wanne, nenda Sikonge na kurudi. Ikigota kwenye raba na una koilova, ongeza milimita 5 kwenye kiti cha chini, kaza nati, ujaribu tena.